Nyimbo za Mapasa Mbele ya Batoto

Barua ya masomo, yaani ya shule, ilifika kwa Mukalay siku ya pili, Jumanne, saa sita na nusu, imekunjwa mara nne ndani ya daftari la binti yake Huguette. Nyuma yake akaingia pacha wake, Abigaëlle, na barua ileile ndani ya daftari lake, kwa sababu katika nyumba hiyo ya Kapata kila kitu kilifika mara mbili. Surua iliingia mara mbili, meno yaling'oka mara mbili, na baba yao alikuwa amezoea kusema neno moja na kulirudia kabla hajaombwa.

Diregteri Mukuna, mkuu wa masomo, alikuwa anawaita wazazi wote kesho yake, saa tisa, katika darasa la sita, "kwa kuzungumzia wageni wa fête ya Pasaka." Miaka yote wageni hao walikuwa fanfare ya kampuni ya migodi, na tarumbeta zao za kung'aa na lori lao. Mwaka huu lori halikuwa na mafuta, na nusu ya wapiga tarumbeta walikuwa wamelala gare juu ya magodoro yao, wakingoja treni ya Kasai. Chini kabisa ya barua, kwa herufi ndogo kama mtu anayeongea huku ameziba mdomo, diregteri aliandika jina la wageni wapya: Bamama ba Mapasa, ba Kasulo.

Mama Fidélie aliisoma amechuchumaa mbele ya mbabula ya makaa, mboga ya sombe ikichemka, akacheka mpaka machozi.

"Kuko nini?" aliuliza bwana yake, Tata Stany Mukalay, karani wa depo ya kampuni na président wa komite ya bazazi. "Kuko nini ya kucheka?"

"Diregteri eko mutu wa nguvu, baba Huguette. Anataka kuleta Mama Tshibola na batu yake mbele ya batoto mia sita!"

Mukalay hakucheka. Aliichukua barua ya pili, ya Abigaëlle, akaisoma kana kwamba huenda ile ikawa na habari nzuri zaidi.

Kwa asiyejua desturi hii nitasema haraka. Mwanamke wa Kiluba akizaa mapasa, awe wa Katanga awe wa Kasai, wenzake waliozaa mapasa wanakuja kumwimbia matusi. Si matusi ya ugomvi. Ni ya kuwatuliza wale watoto wawili wakubali kukaa duniani. Wanatukana matako ya baba, tumbo la mama, mikoromo ya babu, na anayetukanwa haruhusiwi kukasirika. Akikasirika, analipa. Mambo hayo mtu anayasikia mlangoni pa wazazi wa mapasa, mchana kweupe, na kila mtaa wa Kolwezi umeyasikia. Lakini ndani ya uwanja wa masomo, mbele ya bendera na ubao? Hapo ndipo pa kukunia kichwa.

Fidélie hakuwa na la kukuna. Yeye alitaka kitu kimoja tu. Mama Tshibola ndiye aliyewapokea Huguette na Abigaëlle kwa mikono yake, miaka sita iliyopita, ambulensi ilipokuwa imepeleka mtu mwingine. Alizaliwa Kolwezi, akaolewa Kolwezi, akazika bwana yake Kolwezi, lakini mwaka ule wa tisini na tatu waliambiwa kwamba yeye na watu wa majina ya Kasai kama lake ni wageni na warudi kwao. Mwanawe alikuwa ameshaachishwa kazi, vitanda vimeshauzwa. Siku ya posho, yaani Jumamosi, asubuhi wangehamia gare. Na mama wa mapasa hasindikizwi kimya. Wenzake humwimbia hadharani, watu wakisikia. Akiondoka bila wimbo, ni kama amefukuzwa na mapasa wenyewe. Kule Kasulo vijana walikuwa wanaandika majina ya wanaowasaidia Bakasai hata kubeba sufuria, nani angethubutu kupiga ngoma mlangoni pake? Uwanja wa masomo ulikuwa mahali pekee palipobaki.

"Tutamuimbia pale," Fidélie alisema. "Siku ya tano. Batu bote batasikia."

"Tuende polepole," Mukalay alijibu. "Polepole, mama Huguette."

 

Siku ya tatu wazazi walikaa kwenye benchi za watoto, magoti yamepanda hadi kifuani. Tata Mwenze, msimamizi wa zamu kwenye mgodi wa Mashamba na shemasi wa Kimethodisti, alikuwa mtu mnene mwenye heshima zake. Alijiingiza katikati ya benchi na dawati kwa nguvu, na mara moja akajua kwamba hatatoka bila msaada. Akaamua kuhutubia humohumo.

"Bandugu bazazi," alisema, "mi siko na maneno na mutu. Mi nauliza tu. Mutoto wangu wa mwisho eko na miaka saba. Namutuma ku masomo ajifunze kuhesabu. Sasa atarudia ku nyumba na habari ya matako?"

"Matako eko nayo tayari, tata," alisema Mama Bilonda, muuza bitumbua wa mlangoni pa masomo. "Anayo tangu alizaliwa."

Darasa likacheka. Mwenze akangoja.

"Mucheke, mucheke. Lakini bazee betu ba misioni balikatazaka ile nyimbo, na haikukuwa bure. Kila kitu iko na mahali pake. Mi siku naoga, sendake kuoga barabarani."

Hapo wengi waliitikia kwa kichwa, maana alikuwa amesema kweli. Mama mmoja alisema mtoto wake anarudia kila neno kama kasuku, na kwamba kuna nyanya mgonjwa nyumbani. Mwingine alisema yeye hana shida na nyimbo, shida yake ni kwamba hao bamama hujipaka mpemba, ule udongo mweupe, usoni na watoto wa darasa la kwanza wataogopa. Mwanaume mmoja aliuliza kama fête haiwezi kufanywa na kwaya. Diregteri alimjibu kwamba kwaya imebaki na soprano watatu na hakuna hata sauti moja ya chini, wote wako gare.

Kisha sauti ikatoka nyuma, karibu na kabati la ramani. "Na kiongozi wa ile kundi, eko mutu wa wapi?"

Katika benchi ya dirishani Tata Mukendi, mmoja wa Bakasai wachache waliokuwa bado wanaleta watoto wao, alikunja barua yake ya mkutano ikawa ndogo, ndogo zaidi, akaitia mfukoni. Aliangalia nje kwenye uwanja kama mtu anayetafuta mtoto wake.

"Tuko hapa juu ya maneno ya nyimbo," alisema diregteri, bila kumwangalia mtu. "Président?"

Mukalay alisimama. Alikuwa na maneno kifuani, mke wake aliyaona kabisa yakipanda. "Tuende polepole," alisema. "Polepole tu." Akaketi.

Fidélie alitazama chini. Alimpenda yule mwanaume, lakini saa ile angeweza kumfinya.

Aliyesimama ni Mama Bilonda, unga mikononi.

"Maneno mubaya? Haya, tuseme maneno mubaya. Juzi binti yangu anaosha sahani, anaimba. Anaimba nini? Bilulu batoke, bilulu barudie kwabo. Dudu, bandugu! Anaita dudu batu benye banakunywaka maji ku robinet moja na siye. Namuuliza, nani alikufundisha? Ananiambia: ku masomo, mama, wakati wa récréation, bote tunaimba. Je, siku ile tuliitwa mu mkutano? Nani alituandikia barua? Nani alikuya kuuliza kama ile wimbo ni ya batoto? Leo, juu ya matako, tunakaa mu benchi mpaka miguu inakufa!"

Hakuna aliyecheka. Mtu wa kabati la ramani alijikuna shingo. Tata Mwenze aliangalia mikono yake juu ya dawati, na kwa muda mrefu alikuwa tu mtu mnene aliyekwama kwenye kiti cha mtoto.

"Ile pia ni mubaya," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Sikatae, mama. Ni mubaya sana. Lakini mutu hasafishake nyumba na maji ya taka."

Wakakubaliana hivi: watu watatu, diregteri, président na shemasi, wazisikilize nyimbo kwanza, kesho, kwa Mukalay. Watatu wakitia sahihi, bamama watakuja. Mmoja akikataa, basi. Ikawa kazi ya wanaume wawili kumchomoa Tata Mwenze, mmoja akivuta benchi na mwingine akimvuta yeye, na watu wakiangalia dari kwa adabu.

 

"Ulinyamaza," alisema Fidélie walipofika nyumbani.

"Nilikuwa président."

"Président wa kunyamaza."

Mukalay alivua koti lake, lile moja, akalitundika kwenye msumari taratibu. "Ku depo baliniambia: Mukalay, unapendaka sana Bakasai. Baliniambia bakicheka. Unajua kile kicheko? Hii nyumba ni ya kampuni, Fidélie. Posho, hata kama inakuya nusu, ni ya kampuni. Nikisimama pale na kumutetea Mama Tshibola, kesho tunalala wapi?"

"Yeye alilala wapi siku ile nilikuwa nazaa? Alilala? Alisimama ku kichwa yangu tangu asubuhi mpaka jua inaingia, hata maji hakukunywa."

"Najua."

"Unajua, lakini unanyamaza."

Fidélie aliondoa sombe motoni, akasonga bukari, akaweka sahani mbele yake, na kwa kuwa hakuwa mwanamke wa kununa mpaka chakula kipoe, alianza kucheka tena. "Unakumbuka vile balikuimbia? Ulitoka na pijama!"

"Bilikuwa bimeanikwa bingine!"

"Ulicheza na pijama mbele ya avenue muzima, na kifungo moja."

Watoto walitaka kujua pijama gani. Mukalay aliwaambia wale chakula. Lakini alikuwa anatabasamu juu ya sahani yake, na alipomaliza aliisogeza ile sahani mwenyewe hadi kwenye beseni, jambo ambalo kwake lilikuwa namna ya kuomba radhi.

 

Siku ya nne Tata Mwenze alifika kabla ya wenzake, na daftari, na kalamu nyekundu ya kukatia maneno. Alikuwa amejiandaa kukata mengi. Huguette ndiye aliyemfungulia mlango.

Sasa Mwenze, pamoja na ukali wake wote, aliwapenda watoto. Mfukoni mwake alikuwa na biskuti moja aliyopewa kanisani tangu siku ya yenga, yaani Jumapili, na alikuwa ameitunza bila kujua anamtunzia nani. Alimwona yule mtoto na macho yake makubwa, akaitoa, akampa. Huguette alisema asante na kuimaliza palepale mlangoni kwa kuing'ata mara mbili.

Fidélie alitoka jikoni kumsalimia mgeni. Nyuma yake akaja Abigaëlle kutoka kuoga, maji yakimtiririka kichwani. Mtoto alimwangalia dada yake, akaangalia makombo kwenye kidevu chake, akamwangalia mgeni.

"Na yangu?"

Fidélie aliweka mkono mdomoni. "Tata Mwenze. Ulipatia mumoja?"

"Mi sikuona mwingine!"

"Tata! Kapata muzima inajua hapa beko babili."

Alijua. Alijua vizuri kuliko kanisa lake. Mama yake mzazi, kule Malemba, alimlea kwa sheria hiyo kabla hajamfundisha kusali: mapasa hupewa wote wawili au hawapewi kitu. Ukimpa mmoja umewatenganisha, na waliotenganishwa hawakai. Mwenze alijipapasa mfuko wa kulia, wa kushoto, wa shati. Alitoa leso, funguo na kalenda ya kanisa.

"Hizi ni mambo ya zamani," alisema, lakini alivua miwani. Binti yake mkubwa alikuwa na mimba ya miezi saba, na wanawake waliomwona bombani walikuwa wanasema tumbo lile limepita kipimo cha mtoto mmoja.

Abigaëlle hakulia. Afadhali angelia. Alikwenda kwenye kona, akaketi sakafuni, akawapa mgongo.

Hivyo ndivyo Mama Tshibola alivyowakuta alipoingia na wenzake sita na ngoma moja ndogo, diregteri akiwafuata. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono mikubwa, kitenge kimefungwa vizuri kana kwamba hana safari. Fidélie alimweleza. Mukalay, aliyefika mbio kutoka depo, alisimama mlangoni hajui kama aingie au atoke.

"Nani alifanya?"

"Shemasi."

"Aa. Mutu wa Mungu." Mama Tshibola aliketi, akanyoosha miguu. "Tata shemasi, ulikuya hapa kunihukumu?"

"Nilikuya kusikiliza nyimbo, mama. Na ile biskuti, kesho naleta ingine. Naleta hata—"

"Kesho? Mutoto eko na njaa ya leo. Unisikilize. Kule njiani mi niko Mukasai. Ku gare niko Mukasai. Hapa mu nyumba ya mapasa niko mama, na weye uko na kosa. Simama."

Na yeye, jamani, alisimama. Diregteri alificha kicheko nyuma ya kofia yake. Mama Tshibola alimchukua Huguette na kumweka mkono wa kulia wa shemasi. Abigaëlle akaitwa, hakugeuka. Fidélie akambeba na kumweka kushoto, mtoto akiwa mgumu kama gogo.

"Sasa tunakuimbia. Usikasirike."

Ngoma ikaanza. Waliimba miguu yake, waliimba shingo yake isiyoonekana. Waliimba kwamba akisali anafunga macho ili asione sadaka ya wengine. Mwenze alibana midomo, jasho likimtoka, kalamu nyekundu mkononi. Kisha Mama Tshibola, peke yake, kwa sauti nene ya kuburuta:

*Shemasi aliingia mu benchi,*
*benchi ikasema: yo, nimepata bwana!*
*Balivuta benchi, balivuta shemasi,*
*matako ikabaki kwa bibi arusi!*

Habari zilikuwa zimefika Kasulo kabla jua halijaingia! Mwenze alitoa sauti kama kikohozi. Akajaribu kuirudisha, ikamshinda, na kile kilichotoka baada yake kilikuwa kicheko kikubwa cha kijana wa Malemba ambacho mke wake mwenyewe hakuwa amekisikia tangu kampuni ilipoanza kuanguka. Alicheka ameshika tumbo. Abigaëlle alimwangalia kutoka chini jinsi alivyokuwa akitetemeka mwili mzima kwa kicheko, akashindwa naye. Alicheka mpaka akashikilia suruali ya shemasi asianguke.

"Iko sawa," alisema Mama Tshibola. "Bamerudi bote babili."

Walipopata pumzi tena, Mwenze alivaa miwani. Alikuwa bado shemasi. "Mama, sikufichi. Mu ile nyimbo kuko maneno tatu yenye siwezi kukubali mbele ya batoto. Ya benchi uache, batacheka. Lakini zile tatu, hapana."

"Moja."

"Tatu, mama. Niko na kanisa."

"Basi mbili," alisema Mama Tshibola. "Ni mapasa, tata. Mbili inatosha."

Mwenze akakata maneno mawili kwa kalamu nyekundu, akatia sahihi. Diregteri akatia yake. Karatasi ikamfikia Mukalay, naye akaishika muda mrefu kuliko wengine. Fidélie alikuwa anawafuta watoto pua, mmoja, halafu mwingine. Mukalay aliandika jina lake lote, na chini yake aliandika tena: président.

 

Siku ya tano uwanja ulijaa. Wazazi walisimama kandokando, watoto mia sita walikaa mchangani kwa madarasa. Nje ya uzio, karibu na lango, vijana watano au sita wa kuandika majina, vitambaa vyekundu kichwani, walikuwa wameegemea nguzo, na kati yao alikuwa mtu mmoja wa depo. Mukalay alimwona mapema. Alihamia nyuma ya mama mmoja mwenye kilemba kikubwa.

Bamama waliingia saba, mpemba usoni, Fidélie akiwa wa nane. Hakuna mtoto wa darasa la kwanza aliyeogopa. Walimwimba diregteri na chaki yake, uwanja ukapasuka kwa kicheko. Walimwimba Mama Bilonda kwamba bitumbua vyake vina mafuta kidogo na yeye ana mengi. Walimwimba shemasi na benchi, naye akainua mikono kama mpiganaji aliyeshinda, na mtoto wake wa mwisho akaruka kwa fahari: "Ni tata yangu! Ni tata yangu ile!" Walimwimba hata Tata Mukendi, kwamba ni mwembamba hivi kwamba bibi yake humtafuta kitandani kwa taa. Alicheka ameziba uso, na mtu wa kabati la ramani, aliyekuwa amesimama pembeni yake, alimpigapiga begani kabla hajakumbuka kuwa alikuwa hamtaki. Kulikuwa na miezi mingi watu hao hawajacheka kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ilikuwa raha, nasema kweli, raha tupu.

Kisha Mama Tshibola aliinua mkono, ngoma ikashuka.

"Hii ni ya mwisho," alisema. "Kesho mi nasafiri. Desturi inasema, mama wa mapasa akisafiri, tata wa mapasa mumoja amutukane, kwa nguvu, asigeuke nyuma mu njia. Kuko tata wa mapasa hapa?"

"Kuko!" watoto walipiga kelele, Huguette na Abigaëlle mbele ya wote. "Kuko! Tata! Tata!"

Mama mwenye kilemba alisogea. Mukalay akabaki wazi. Aliangalia lango, mtu wa depo alikuwa amekunja mikono, anamwangalia. Aliangalia mke wake. Fidélie hakumwita. Alisimama tu, mpemba ukiwa umemchirizika mashavuni, akingoja kama mtu asiyetaka tena kudai.

Mukalay akatoka. Alitembea hadi katikati ya uwanja na koti lake moja, akasimama mbele ya Mama Tshibola, akakohoa.

"Weye mama," alianza, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Weye mama! Mikono yako ni mikubwa sawa chepe! Ulivuta batoto bangu sawa mutu anavuta mihogo!"

"Eeeh!" uwanja ukaitika.

"Ukiimba, jogoo ya Kasulo inajificha! Ulikunywa chai yangu miaka sita, na hata siku moja hukusema iko na sukari!"

"Eeeh!"

"Ulikanyaga mulango yangu mpaka ukaisha! Uliniona na pijama!" Watoto walikuwa wanagaagaa mchangani. "Weye mama mubaya, mama wa… weye…"

Akakwama. Watu walingoja tusi la mwisho, lile kubwa.

"Usiende," alisema Mukalay.

Hakuimba. Alisema tu, kama mtu anayesema na mama yake jikoni, lakini kila mtu alisikia, hadi langoni.

"Mama, usiende."

Kicheko kilikufa. Mwalimu mmoja alianza kuwaangalia watoto wake kana kwamba anawahesabu. Kule kwenye nguzo mtu wa depo alijitenga na wenzake, akapiga hatua moja mbele ili aone vizuri ni nani huyo anayesema hivyo.

Mama Tshibola alimwona. Alimwangalia yule wa langoni, akamwangalia Mukalay, kisha akanyoosha mikono yake mikubwa, akamshika Mukalay masikio yote mawili na kumgeuzia watu.

"Mumuone huyu!" alipaza sauti. "Miaka sita tata wa mapasa, hajajua kutukana! Nani alimufundisha? Bazazi, mumurudishe darasa la kwanza!"

Uwanja ukapasuka tena, watoto wakaruka, "Darasa la kwanza! Darasa la kwanza!", na langoni hata vijana wa vitambaa walikuwa wanacheka, na yule wa depo naye, akitikisa kichwa. Ngoma ikaingia. Bamama wote wakapokea wimbo, na Fidélie akauinua kwa sauti yote aliyokuwa nayo, matusi juu ya matusi, mpaka ukasikika barabara ya Kasulo.

Aliimba akiwa karibu nao. Ndiyo maana ni yeye peke yake aliyeona kwamba mikono ya Mama Tshibola ilikuwa haivuti tena masikio ya bwana yake, imeyashika tu, na kwamba haikuyaachia mpaka wimbo ulipokwisha.